Ufunguo Aliopewa Goretti

Aluel alijifunza kazi ya mitandao Nairobi, akarudi Juba mwaka 2007 na mkoba wa waya na koleo. Mwaka uliofuata, nyumba nyingi za mtaa wa Hai Malakal zenye dishi zilikuwa zikimjua. Kilichomchosha roho hakikuwa vumbi, wala mende waliotaga ndani ya ruta kufuata joto. Ni yale aliyoyakuta nyuma ya hitilafu.

Ijumaa moja alasiri aliitwa na Goretti, mjane aliyerudi kutoka Uganda na kupewa tukuli, kibanda cha nyasi, nyuma ya nyumba ya shemeji yake, Emilio. Kampuni ya mizigo kule uwanja wa ndege ilikuwa imemchagua kuwa karani, na alitakiwa kukubali kwa barua pepe kabla ya saa kumi na moja siku hiyo, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Emilio alikuwa amemwandikia ufunguo wa mtandao wake tangu Jumatatu.

"Mimi iko najaribu siku tano," Goretti alisema. "Inaandika imeshika, lakini hakuna kitu inafunguka. Hii laptopu imezeeka, kama mimi."

Aluel aliisogeza laptopu mlangoni, akafuta muunganisho, akauanza upya. Ishara ilikuwa imejaa na bado hakuna ukurasa uliofunguka. Mitandao iliyofungwa kwa mtindo ule wa zamani ina ubaya huo: ukiingiza ufunguo wenye kosa, haikufukuzi. Inakuandikia kwamba umeunganishwa, kisha hupewi anwani, unabaki unangoja.

Akaenda sebuleni kwa Emilio, ambaye kompyuta yake ilikuwa ikifanya kazi vizuri, akachomeka waya kwenye ruta na kuusoma ufunguo wenyewe. Tarakimu ya tisa ilikuwa saba. Kwenye karatasi ya Goretti ilikuwa mbili, imeandikwa kwa mwandiko safi kabisa.

Ilikuwa nyumba ya tatu mwaka ule aliyokuta ufunguo uliokosewa kwa makusudi. Alimwita Emilio barazani, akamwuliza kwa nini.

Emilio hakuona haya. Alieleza kwamba akimpa mmoja watakuja na watoto, na rafiki za watoto, mpaka barua zake mwenyewe zikatae kufunguka. "Sasa binti yangu, mjane wa marehemu ndugu yangu nimwambie hapana? Watu watasema nini? Afadhali mashine imkatalie."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza adabu njema. Aluel alikwenda kumwita Goretti, akaiweka laptopu mapajani mwa Emilio.

"Chapa wewe, mzee."

Alichapa tarakimu zote kumi bila kuitazama karatasi, huku Goretti amesimama nyuma ya kiti akifuata vidole vyake. Ukurasa ukafunguka.

Goretti aliichukua laptopu, akaketi, akatuma jibu lake saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Alingoja mpaka alipoona limekwenda.

"Shemeji," alisema taratibu, "ungesema hapana Jumatatu, mimi ningeenda bandarini, kuna mtu ananijua pale, ana mtandao. Siku tano nimemwomba Mungu juu ya laptopu."

Emilio aliitikia kwa kichwa, kisha akaagiza chai iletwe kwa wageni. Aluel alikunja waya zake. Chai ilipofika Aluel alikuwa amekwisha vuka ua, na Goretti alianza kunywa yake, kwa sababu alikuwa bado anaishi pale.