Vipande Vinne vya Dawa ya Shingo

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha dawa cha hospitali, hapa Voi, sikugawa dawa yoyote. Nilipewa mkebe wa vidonge vyeupe, kisahani cha bati na kisu butu, nikaambiwa nihesabu mkebe mzima. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Mkuu wa chumba cha dawa alikuwa mzee wa pwani, kofia kichwani, sauti ya chini. Nilipomaliza nikamtajia jumla.

"Hesabu tena."

"Lakini nimehesabu, Mzee."

"Umehesabu yako. Sasa hesabu ya mgonjwa."

Mara ya pili nikapata vitatu zaidi. Hakunicheka, na hilo liliuma kuliko kuchekwa. Tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili, hata mayai sokoni. Muuzaji akikunja uso namwambia ni ugonjwa wa kazi, na nikishamaliza kuhesabu ndipo tunaanza kubishana bei.

Ninyi mnaosomea dawa leo mtashangaa. Vidonge tulivisukuma kwa kisu, vitano vitano, vikaingia kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Kwa mgonjwa asiyesoma, tulichora jua juu ya bahasha: likichomoza, likiwa utosini, likizama. Aliyeandikiwa dawa ya maji alikuja na chupa yake, na asiyekuwa nayo alirudi kuitafuta.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Taveta, kwenye zahanati moja upande wa Bomeni. Huko ndiko nilikotoa vidonge vya tezi kwa mara ya kwanza. Tezi ya shingo imekaa chini ya koromeo kama kipepeo aliyetua. Ikilegea, mwili wote unalegea: mtu husikia baridi juani, uso huvimba, sauti hukwaruza, choo huwa kigumu, usingizi haumtoki. Vidonge vya zamani vilitokana na tezi za wanyama zilizokaushwa, na nguvu zake zilitofautiana mkebe kwa mkebe. Mzee mmoja aliniuliza ni mnyama gani. Nikamwambia mkebe hausemi. Akasema, "Basi nami sili," akaenda zake. Vile vinavyotengenezwa maabara, vyenye kipimo kimoja, vilipofika, nilifurahi kuliko wagonjwa.

Niliporudishwa Voi, Mganga Mkuu wa hospitali alikuwa daktari wa bara, mrefu, wa maneno machache. Ndipo alipokuja Mwalimu Wakesho.

Alifundisha shule ya msingi huko milimani, upande wa Mgange. Aliteremka amevaa sweta mbili, na Voi mnajua jua lake. Mkononi alikuwa na barua ya mwalimu mkuu wake: amekutwa amelala darasani mara tatu, na asipobadilika kufikia mwisho wa muhula, atapendekezwa aachishwe kazi. Mume wake alikuwa amefariki. Mshahara ule ndio uliosomesha watoto wake wanne.

Mganga Mkuu alimpigisha magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia nyuma, akagonga mshipa wa kisigino kwa nyundo ya mpira. Mguu wa mtu mwenye afya huruka na kurudi papo hapo. Wa Mwalimu uliruka, ukarudi polepole kama mlango wenye kutu.

"Si uvivu," daktari akasema. "Ni tezi."

Damu ilipelekwa Nairobi kwa treni, ndani ya kikasha cha barafu, na majibu yalichukua wiki kadhaa kuthibitisha kile kisigino kilichosema siku ile. Hatukuyangoja. Alianzishwa dozi ndogo, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole haukimbizwi ghafla. Nilimhesabia vidonge thelathini, mara mbili, nikamwambia: kimoja kila asubuhi kabla ya kula, kisha urudi na vilivyobaki. Hiyo ya kurudi na mabaki ilikuwa sheria yangu mwenyewe.

Alirudi baada ya siku ishirini na nane, na sweta zilezile mbili. Hakuna nafuu. Daktari akaandika dozi maradufu. Mimi nikamwaga mabaki kwenye kisahani. Vilitakiwa kubaki viwili. Nikahesabu: jumla viwili. Nikahesabu tena, na safari hii nikaona nilichokuwa nikihesabu. Vilikuwa vipande vinne, nusu nusu, vimekatwa vizuri kwa wembe.

"Mwalimu, nusu hizi ni za nani?"

Akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Ni za mama mkwe."

Mama mkwe wake, mjane kama yeye, alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa wa shingo uliokuwa wa kawaida milimani. Walikaa nyumba moja, wakipika jiko moja. Siku ya kwanza mama huyo aliona bahasha akauliza: "Mwenye shingo ni mimi, na dawa ya shingo unakula wewe?" Shingo ya Mwalimu ilikuwa laini kabisa. Akaanza kukata kila kidonge katikati. Mkwe hanyimwi kilicho mezani.

"Naye yuko vipi tangu aanze?"

"Halali. Anasema moyo unamgonga."

Nikaenda kwa daktari na kisahani mkononi, nikamwomba afute ile dozi mpya. Alitazama vipande, akachukua kalamu. "Mlete huyo mama."

Mama alifika wiki iliyofuata, mdogo, mkavu, macho makali. Daktari alimpima akamweleza: tezi yake ni kubwa, lakini haijalegea, na vidonge vya Wakesho vinaweza kumdhuru moyo. Yake ni kupasuliwa Mombasa, au kuuacha uvimbe na kuuangalia, maadamu haubani pumzi.

"Nikipasuliwa mnanirudishia shingo ya msichana?"

"Hapana, Mama."

"Basi niachieni hii. Imenizoea."

Lakini hakuinuka. Kurudi nyumbani mikono mitupu ilhali mkaza mwana ana bahasha, hilo lilimshinda. Nikaona hapa pana biashara.

"Mama, mimi natafuta mtu wa kunihesabia huko juu. Bahasha ikae kwako. Kila asubuhi umpe kimoja, kizima, akimeze ukiona. Kikikosekana hata kimoja, nakuuliza wewe, si yeye."

"Na nikikataa?"

"Nitamtafuta jirani."

"Jirani gani! Lete hapa."

Alivihesabu mbele yangu. Akavihesabu tena.

Muhula uliisha kabla dawa haijafanya kazi yake. Daktari aliandika kwa mwalimu mkuu akiomba muhula mmoja zaidi, na mwalimu mkuu akakubali bila kupenda. Katikati ya muhula huo Wakesho aliteremka na sweta moja begani, haijavaliwa. Barua ile ya onyo haikufuatwa na nyingine.

Nilistaafu miaka ya themanini. Siku hizi vipimo ni vingi na majibu ni ya haraka, na ni vizuri. Ila dozi isipofanya kazi, kabla hamjaiongeza, mwulizeni mgonjwa anakula na nani.

Mwalimu Wakesho alistaafu baada yangu, kwa umri wake, akiwa bado anameza kimoja kila asubuhi. Kizima.