Neno la Mzee Duncan

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka ambayo ningependa kuisahau, na leo hapa mezani umenirudishia yote. Umetusimulia, wali bado mdomoni, habari za bibi mmoja wa Kihindi katika makao ya wazee unakofanya kazi, eti kila ukimvalisha hushika mguu na kulia, "Pwita, pwita." Ukacheka. Ukasema umeandika daftarini kwamba bibi amechanganyikiwa. Damu imenichemka, na sitanyamaza.

Nilipofika Birmingham nilikuwa na umri wako. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza wazee kule mtaa wa Kingstanding. Miongoni mwao alikuwa Mzee Duncan, Mskoti aliyekuja mji huu angali kijana, akaunda magari kiwandani hadi alipostaafu. Uzee ulipomlemea, Kiingereza cha kiwandani kilimtoka, akabaki na maneno ya shambani kwao, ambayo hata Waskoti wenzake wengi wameshayasahau.

Asubuhi moja nilipomwinua kitandani alishika nyonga akasema, "Stound." Nikamwuliza amesema nini. "Stound, lassie!" akarudia; lassie kwao ni binti. Mimi nilikuwa na wazee wanane wa kuogesha kabla ya chai. Nikacheka, nikamsimamisha, nikaandika: amechanganyikiwa, anasema maneno yasiyo na maana. Aliyepokea zamu akasoma, akanakili. Aliyemfuata naye vivyo hivyo. Ndivyo tulivyofanya kazi, na naona hamjaacha: daftari linaaminiwa kuliko mgonjwa. Siku nne tulimtembeza mzee wa watu huku akipiga kelele.

Siku ya nne alikataa uji. Mpishi wetu alikuwa mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa mtaa wa Lozells, mwenye Kiswahili cha kunishinda mimi mtu wa bara. Alitoka jikoni, akaketi karibu na mzee, akamwuliza neno lile maana yake nini. Mzee alichukua vidole vya mama, akaviweka kwenye mshipa wa mkono wake, pale unapodunda, kisha akaviweka juu ya nyonga. Maumivu yanayopiga, yanaacha, yanapiga tena, pamoja na moyo.

"Kumbe nyonga yampwita," mama akasema. Akanijia na mwiko mkononi. "Wewe binti, ulimwuliza?"

"Mama, ako confused, hata kwenye notes wameandika..."

"Na hizo notes kaandika nani?"

Nikafungua daftari, nikamwonyesha mwandiko wangu.

"Mtu aumwa, nawe wacheka! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamwite daktari, sasa hivi!"

Kumbe mzee alikuwa ameanguka bafuni, na mfupa wa nyonga umepata ufa. Siku nne, mwanangu! Siku nne tukimsimamisha juu ya mfupa uliovunjika, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Aliporudi kutoka hospitali nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinieleza, kwa maneno yake ya shambani na kwa ishara, kwamba kwao neno lile hulitumia hata kwa moyo, kama yeye anapoziona glavu za marehemu mkewe na uchungu ukampiga ghafla. Neno lililobeba yote hayo, mimi nililiandika kuwa takataka.

Sasa nisikilize. Neno usilolijua si wazimu wa anayelisema. Ni ujinga wako, na dawa yake ni kuuliza. Uliza tena, mwambie akuonyeshe kwa mkono. Usinakili ya mwenzako kabla hujamtazama mgonjwa usoni. Na usimcheke mtu, kwani hujafa hujaumbika.

Hukushangaa nilipokuuliza jina la huyo bibi, nikaacha chakula nikapiga simu? Umesema anaitwa Kokila. Jina ni lile, na neno ni lile: ndiye mpishi yule yule, mwanangu, niliyepotezana naye miaka mingi. Na muuguzi wa zamu amenijibu nini? Amenisomea maneno yako: amechanganyikiwa.

Basi vaa koti, uende wewe mwenyewe ukayafute. Mshike mkono, umwulize kwa Kiswahili, hata kikiwa kibovu: "Mama, wapi panapwita?" Kisha usitoke hapo hadi daktari amwone.

Nenda na radhi zangu. Mungu akupe masikio yenye subira, na siku utakapozeeka, ukabaki na maneno yasiyojulikana na mtu, akuletee mmoja wa kukuuliza.