Nilifuta Kovu la Kulwa

Jamani, kosa ni langu. Si la kompyuta, si la Mjomba. Ni vidole vyangu hivi visivyotulia, na nisiposema leo nitapasuka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Mpanda mjini. Mjomba wangu mwenye studio ya picha alileta kompyuta na skana, nami nikafundishwa kuvitumia. Nyie, nilivimba kichwa! Nikafuta chunusi za mwalimu, nikamnyoosha kola mzee wa kanisa, watu wakasifu, nikajiona fundi wa sura za binadamu.

Ndipo akaja Kulwa, kijana wa wafugaji wa upande wa Misunkumilo. Alitaka picha nzuri ipelekwe kijiji cha Mamba, kwa wazazi wa mchumba wake Milembe, ambao walikuwa hawajamwona.

Shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu refu la pembe ya ng'ombe. Nikalihurumia. Hakuniomba, wala sikumuuliza. Nikachukua ngozi ya shavu la kulia, nikaibandika kushoto, kovu likaisha. Alitoka mzuri huyo, nikaimba peke yangu! Bahasha nikaifunga mwenyewe, naye akaituma bila kuifungua.

Sikujua kwamba Kulwa ana pacha, Doto. Wamefanana kama punje mbili za mahindi, na kinachowatenganisha ni kovu lile tu.

Baada ya wiki mbili picha ikarudi na ujumbe wa baba yake Milembe: binti anasema huyu ni Doto, mnatuchezea, uchumba basi.

Kulwa akamvaa pacha wake na fimbo ya kuchungia. "Ulienda studio kwa jina langu?"

"Mi hiyo studio hata mlango wake siujui," Doto akajibu. Wakanuniana siku tatu, wao waliokula sahani moja tangu utoto.

Kisha Kulwa akaja kwangu. "Dada, nani alikaa kwenye hiki kiti, mi au Doto?"

Aibu ikanishika, nikamwambia labda ni mwanga. Mwanga! Akainama. "Basi Milembe hanitaki, anatafuta sababu tu." Chozi likashuka likapita juu ya kovu lile lile. Nikashindwa, nikaungama palepale.

Mjomba akanipa negativu, ile filamu ya picha ambayo sikuigusa, na amri moja: nenda Mamba ukaseme mwenyewe. Nikadandia lori lililokuwa likifuata mpunga, mavumbi mpaka kwenye kope.

Milembe akaiinua negativu juani, akalitafuta shavu, akaliona kovu. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka kwa ahueni.

"Siku ng'ombe alipomchoma mnadani, mi ndo nilimfuta damu kwa kanga yangu," akasema. "Tulianza kuongea hapo."

Bibi yake akanitazama. "Mjukuu wangu, hilo kovu lilikukosea nini?"

Ndoa ilifungwa, Doto akamsimamia pacha wake. Mimi niliondolewa kwenye kompyuta, nikabaki kuanika picha, na hadi leo sokoni naitwa Futakovu. Nacheka nao, ila inauma.

Wewe unayerekebisha picha za watu, usifute kitu usoni mwa mtu bila kumuuliza. Huenda kuna mtu Mamba anakitafuta hicho hicho.