Kondoo Niliyempa Mama Mwenye Nyumba

Mimi ni mtu wa kuhama. Nimejenga nyumba za watu Ngong, nikakaa Magadi mpaka joto likanishinda, nikahamia Namanga. Kila mahali niliondoka bila kuaga vizuri, na kila mahali napakumbuka kama mtu aliyefukuzwa, ilhali hakuna aliyenifukuza. Kwa hiyo karatasi za korti ziliponifikia hapa Kitengela, kitu cha kwanza nilichofanya ni kushusha begi kutoka juu ya kabati na kupakia vitu vyangu.

Karatasi zilisema nadaiwa kodi ya miezi mitatu. Nisipojibu kwa muda uliowekwa, korti ingeamua bila mimi. Aliyenishtaki ni kijana wa mama mwenye nyumba, ambaye mama alimwachia kazi ya kodi macho yake yalipoanza kufifia. Nilimpigia simu.

"Hiyo miezi nililipa. Nilimpa mama kondoo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kondoo? Brother, hii ni ploti, si harusi. Enda uambie korti hivyo, tuone kama hakimu atakula mbavu."

Lakini ilikuwa kweli. Miezi ile kazi za ujenzi zilikauka, na mtu mmoja wa Isinya niliyemjengea choo alinilipa kondoo jike mwenye mimba. Nilimvuta kwa kamba hadi kwa mama, nikamwambia, "Mama, sina kitu, chukua huyu." Alimpapasa mgongo, akamshika sikio, akasema maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Aliniita Paker, na akataka nami nimwite hivyo hivyo. Kodi hakuniuliza. Nikajua tumemalizana.

Kajiado, kwenye dirisha la masjala ya korti, karani alinipa fomu ya majibu. Akanieleza bila haraka: naweza kukataa deni, au nikubali na kuomba kulipa polepole.

"Nataka kuandika kwamba nililipa na kondoo."

"Ni sawa, mzee. Lakini uko na shahidi?"

Shahidi alikuwa mmoja tu, na alikuwa mama wa mtu aliyenishtaki. Nilirudi Kitengela na fomu mfukoni.

Nilimkuta akipepeta maharagwe mlangoni. Nilimwamkia, "Takwenya," naye akaitika, "Iko." Nikamweleza nataka aseme nini. Ungo ukasimama.

"Kodi?" akasema. "Ile kondoo ilikuwa ya kodi?"

"Si nilikuambia sina kitu?"

"Uliniambia huna kitu, na bado ukaniletea kondoo. Ndiyo nikakupa jina. Wewe unafikiri mpangaji wote naita Paker?" Aliangalia upande wa zizi. "Kodi nilikuwa nangoja ulete mwenyewe. Paker haisukumwi. Lakini kama unataka niseme ilikuwa kodi, nitasema. Andika."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika.

Ndani, nilikaa kitandani karibu na begi. Nikiandika kwamba kondoo alikuwa kodi, deni lingekwisha, na jina lile lingekwisha pamoja nalo, maana kwa Wamaasai wanaoitana hivyo ni watu waliopeana kondoo, si waliouziana. Nikiandika kwamba alikuwa zawadi, nilikuwa nadaiwa miezi yote mitatu, na kijana angeweza kunitoa. Nilijaribu kukumbuka Ngong waliniita nani. Fundi. Magadi pia, fundi. Namanga waliniita wewe wa Ngong.

Asubuhi nilirudi Kajiado. Karani alisoma fomu, akainua kichwa.

"Unakubali yote? Na kondoo je?"

"Huyo hayuko kwa hii kesi."

Kijana alikubali nilipe kidogo kidogo, kila nikipata kazi. Alinipigia mwenyewe. "Lakini ukikosa, nakutoa. Na hiyo maneno ya mifugo, maliza na mama. Mimi nataka simu ilie pesa ikiingia."

Jioni mama alikuwa amesimama uani, mkono juu ya macho, akijaribu kuona ni nani anayeingia.

"Nimeandika nitalipa," nikamwambia.

Nilisikia kondoo wakisukumana nyuma ya mabati. Sikujua ni yupi alitoka kwa yule wangu.

"Sawa," akasema. "Paker, hiyo geti inalia usiku wote. Hebu ingia kwa nyumba yako ulete nyundo."

Nyundo ilikuwa chini kabisa ya begi. Ilibidi nitoe nguo zote kwanza.