Mgeni Kwanza, Hata kwa Wifi

Leo nimekuwa mgeni kwa ploti ninayoishi.

Saa nne nilikuwa na intavyuu ya kazi kwa video. Nikijaribu simu mapema, sura yangu inaganda mdomo wazi, kama niko kwa daktari wa meno.

Nikapigia fundi aliyetuwekea wifi hapa Tala.

"Laini ni moja na nyinyi ni wengi, lazima kuwe na foleni. Nilimuuliza Mama Mwende nani apite mbele. Akasema wageni, nikawawekea paswadi yao."

Wageni. Wapangaji tuko nyuma.

Nikaenda kwa Mama Mwende, mwenye ploti, nikiwa nimepandisha hasira. Alikuwa anachagua ndengu.

"Sasa ulitaka mgeni akuje kwangu akae njaa watu wa nyumba wakikula?"

Ndio nikaelewa kwa nini muuza mitumba wa hapo nje hutazama mpira bila kukwama. Yeye ni mgeni. Tangu mwaka jana.

Zilikuwa zimebaki dakika tano intavyuu ianze. Nikatoka nje ya geti, nikageuka, nikabisha.

"Hodi."

Mama Mwende akaniangalia sana. Halafu akacheka.

"Karibu, mgeni." Akanipa paswadi ya wageni.

Nikarudi chumbani, picha ikawa safi kabisa. Lakini katikati ya swali la tatu mlango ukafunguka, Mama Mwende akaingia na chai na viazi vitamu kwa trei.

Bosi aliyekuwa ananihoji akauliza kama huyo ni mama yangu.

Nikasema hapana, ni mwenyeji wangu.

Kwenu nani hupita mbele?