Wimbo wa Kuwakaribisha Bakuyakuya

André Kisimba hakuwa mbaguzi. Alilisema hilo mwenyewe, tena mara kwa mara, mpaka wanakwaya wake wakalizoea kama wanavyozoea mtu kusafisha koo kabla ya kuimba. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa maestro wa kwaya ya parokia moja ya Bel-Air, mjini Lubumbashi, na siku za kazi alikuwa fundi wa redio huko Naviundu. Miaka hiyo yote alifundisha nyimbo za watu wengine. Zake mwenyewe zilijaza madaftari manne, na hakuna hata mmoja uliowahi kuimbwa kanisani, kwa kuwa kila padri aliyekuja alizisifu sana na kuzirudisha.

Kwa hiyo Padri Paulin alipotangaza Siku ya Umoja, makabila yote yasherehekee pamoja kwa wimbo mmoja mpya, na akamwomba maestro autunge, André alitoka ofisini mwa padri akitembea kama kijana wa miaka ishirini. Alikuwa na sitini na miwili. Alijifungia ndani siku nne, redio za watu zikasubiri.

Wimbo ulitoka mtamu, tusimnyime haki yake. Upande wa kulia wa kwaya, familia zilizotoka kaskazini ya Katanga enzi za reli na migodi, ungekuwa upande wa wenyeji. Upande wa kushoto, wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini waliohamia miaka ya karibuni, ungekuwa wa wageni. André mwenyewe angeanza peke yake: “Karibuni, bakuyakuya, nyumba iko kubwa.” Nao wageni, kwa shukrani inayostahili, wangejibu: “Aksanti, benye nyumba.”

Neno hilo, bakuyakuya, lilimfurahisha kuliko yote. Waliokuja-kuja. Silabi tano, na ngoma ilizipokea zote bila kubaki hata moja nje. Kwamba ni neno lilelile ambalo zamani watu walitupiwa katika mitaa ya mji huu, wakapandishwa treni na magodoro yao ili warudi “kwao”, André alilikumbuka vizuri. Aliona tu kwamba akilitia katika wimbo wa upendo litapona. Watunzi wa nyimbo wana imani ya namna hiyo.

Jumamosi alasiri aligawa karatasi. Kasoki, mama wa Butembo mwenye duka la jumla la maharagwe, ndiye aliyeongoza sauti za soprano. Alisoma mstari wa kwanza, akakunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani.

“Papa maestro, siye hatutaimba hii,” alisema kwa upole.

“Juu ya nini? Ni wimbo ya kubapokea.”

“Unatupokea na matusi.”

“Haiko matusi, mama. Ni rythme tu. Sikiliza: ba-ku-ya-ku-ya.”

Kasoki alisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, kisha akatoka, na watu kumi na wanne wakamfuata. Tenor alibaki mmoja, Léonard, mwenye mafua tangu Pasaka. Kwaya ya kusherehekea mchanganyiko wa watu ilibaki na watu wa upande mmoja, pamoja na Mama Mwape wa safu ya nyuma, ambaye alikuwa akifuma kofia na hakusikia kilichotokea.

André alinuna siku tatu. Alijaribu “bageni betu,” ambazo nazo ni silabi tano, akaziona chapwa kama bukari, ugali wa huku, bila mboga. Siku ya nne Padri Paulin alipiga simu. Bila watu wa Kivu hakuna umoja wa kusherehekea, alisema, na kama wimbo huu una matatizo, si kuna ule wa zamani ambao wote wanaujua? André akavaa viatu akaenda dukani kwa Kasoki.

Alimkuta akipima maharagwe. Hakumkaribisha kiti mara moja.

“Papa yako alitokea wapi, maestro?”

“Kabalo. Alikuya na reli.”

“Alikuya?”

“Alikuya kutumika kazi, mama.”

“Na siye tulikuya kulala?”

Kasoki alimsogezea kiti, akampa sharti lake. Neno libaki palepale, silabi zake zote tano. Lakini kila mtu ambaye wazee wake walikuja mjini atasimama upande wa bakuyakuya. Na solo ya kukaribisha aimbe mtu ambaye wazee wake walikuwapo hapa kabla ya mji.

André alikubali haraka, akiamini moyoni kwamba mtu wa namna hiyo hayupo, na solo itamrudia yeye kwa kukosa mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata kila mmoja alitaja kwao. Kabalo. Kongolo. Butembo. Manono. Léonard alitaja Kambove, akafikiri kwamba ni karibu na angeweza kusamehewa. Akaonyeshwa upande wa kushoto. Hatimaye kulia alibaki Mama Mwape na sindano zake.

“Mama,” aliuliza André, “bazee benu balitokea wapi?”

“Kutokea wapi? Siye tuko Balamba. Mulitukuta hapa.”

Akaendelea kuhesabu mafundo.

Huyu ndiye mwanamke ambaye André alimweka nyuma kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu huingia nusu pigo baada ya wenzake. Maestro alitazama karatasi yake. Angeweza kuilinda solo na kuupoteza wimbo. Iliuma, na hakuficha kwamba imeuma, lakini alimpelekea Mama Mwape karatasi mwenyewe.

Jumapili kanisa lilijaa. Kushoto walisimama watu ishirini na saba, na mbele yao, upande huohuo, maestro. Mama Mwape alisogea mbele bila karatasi. Alichelewa kuingia, mpiga ngoma akamtazama André kwa hofu, na André akapunguza mwendo wa mkono wake ili wamsubiri.

“Karibuni, bakuyakuya, nyumba iko kubwa.”

Aliimba akiwatazama wao, na alipofika kwenye neno lile alikuwa akimtazama André usoni, bila ubaya wowote, kama anavyotazamwa mtu aliyebisha hodi. André alikuwa amezaliwa katika mji huu. Aliwazika baba na mama yake hapa. Katika miaka sitini na miwili hakuna aliyewahi kumwambia karibu, na yeye hakuwahi kujua kwamba anaingoja.

Jibu alilijua, maana ndiye aliyeliandika, kwa ajili ya wengine. Mkono uliendelea kupiga mapigo, mdomo ukafunguka, sauti ikagoma. Ikabidi Kasoki aanze kushukuru kwa niaba yake.