Uso Mpya wa Nyumba ya Bujiku

Bujiku wa Mwakitolyo alikuwa na ulimi unaomtangulia hatua tatu. Akinunua baiskeli, kijiji kilisikia gari. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo analala kwenye nyumba ndefu iliyochuchumaa kama ng'ombe aliyeshiba, paa lake la mgongo wa tembo limeshika kutu, na wadogo zake walioko Geita wameshahamia kwenye nyumba za kuficha bati. Ilimuuma.

Ikamuuma zaidi pale binti yake Limi alipoleta habari kwamba watu wa upande wa mchumba wake, kutoka Buseresere, watakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Bujiku aliizunguka nyumba mara mbili, akaitazama kama mtu anavyotazama kiatu kilichoachama mbele ya wageni. Akamwita fundi Donatus. Wakakubaliana ukuta wa mbele uinuliwe ufiche bati, lipu kuukuu ibanduliwe yote, ipigwe mpya na rangi ya kijivu. Bujiku akaongeza taa sita za barazani. Fundi aliyesema mbili zinatosha alionekana hajatembea.

Juliana, mkewe, hakupinga. Aliomba jambo moja tu. Lipu ile ilipigwa na Paschal, kifungua mimba wao, mwaka alioanza kazi kwenye karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu. Hakuwa fundi. Mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa, ule wanaouita marudio, aliuleta kwa toroli, akaisiliba nyumba ya mama yake kwa mwiko wa kuazima. Pale mwiko ulipomshinda, alitumia viganja. Mwaka uliofuata duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia. Kushoto kwa mlango, jua likipiga kwa ubavu, viganja vyake vilikuwa bado vinaonekana.

"Baba Paschal, pale mlangoni paacheni," Juliana alisema. "Kwingine kote fanyeni mnavyotaka."

Bujiku akaapa, na safari hii hakuongeza chumvi.

Siku ya tatu lundo la lipu iliyobanduliwa lilikuwa limejaa uani. Wiliam, jirani mwenye karasha, alipita kusalimia. Akachota konzi, akaisugua, kisha akaomba karai na maji. Alizungusha karai taratibu mpaka ukabaki mstari mwembamba wa manjano. Alieleza kwamba karasha za zamani zilisaga kivivu, dhahabu nyingine ikabaki mchangani. Lundo lile likioshwa upya halitakosa kitu.

"Ila, bhabha," akamalizia, "funga mdomo."

Kumwambia Bujiku afunge mdomo ni kumwambia jogoo awike kesho. Jua halijazama, yuko kilabuni anatangaza kwamba miaka yote hiyo alikuwa akilala ndani ya dhahabu. Wakamtania kwamba basi hata panya wake wana meno ya dhahabu. Akacheka kuliko wao. Ndipo Mayala, mchimbaji mmoja, akauliza kwa nini basi kipande cha mlangoni fundi amekiruka.

Bujiku alinyanyua kata ya pombe, akaishusha bila kunywa. Kusema viganja vya marehemu mwanawe mbele ya walevi wale kulimtia aibu, sauti ingemkatika. Akachukua njia aliyoizoea.

"Pale ndipo penye nyingi," akasema. "Nimepaweka akiba."

Jumapili walikwenda misa wote. Waliporudi, uani kulikuwa na nyayo za watu na lundo halikuwepo. Kushoto kwa mlango ukuta ulikuwa umekwanguliwa mpaka kwenye tofali, hata udongo wa katikati ya tofali umechokolewa kwa misumari.

Juliana alipapasa tofali kwa muda mrefu.

"Ulimwambia nani?"

Bujiku akamweleza yote, kwa mara ya kwanza bila kupamba.

"Sasa si ungesema ni mwanao," alisema Juliana, akaingia ndani.

Jumamosi wageni walifika. Nyumba ilikuwa inang'aa, bati limefichwa, taa sita zimepangwa. Ila kushoto kwa mlango tofali zilikuwa uchi. Donatus alikuwa amebembeleza apafunike, Bujiku akakataa. Mzee Telesphori, baba wa mchumba, akauliza kwa utani kama simenti iliishia mlangoni.

Waliomjua Bujiku walijiweka sawa kusikiliza hadithi.

"Hapo palikuwa na mikono ya mwanangu," alisema. "Nikadanganya watu kuwa ni dhahabu, wakaja kuichukua."

Hakuna aliyecheka. Juliana alitokea na birika la maji na beseni. Alikuwa amesikia, maana alisimama kidogo kizingitini. Miaka zaidi ya thelathini alimwita mumewe Baba Paschal, kwa jina la mtoto wao.

"Bujiku," alisema, kama alivyomwita tangu Jumapili ile, "sogea, wageni wanawe mikono."

Akasogea.